Mtamba wa Mzee Njou

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini sijui namna nyingine ya kuanza kuzungumza na wewe.

Uniwie radhi kwa mwandiko huu. Mkono wangu wa kulia umevimba tangu jana na vidole havikunjiki vizuri. Mama yuko kwenye uwele anafukuza ndege, Yohana yuko zizini, mtoto amelala. Nimepata nafasi, na jambo lenyewe halitaki kusubiri. Ni habari ya Mzee Njou.

Usikasirike kwanza. Nisikilize.

Ng'ombe bado wanatupa mimba. Ulipoondoka ulidhani ni wale wachache tu, lakini tangu tuliposogezwa hapa kijijini na mazizi yakawa karibu karibu, hakuna boma lililopona. Ng'ombe wako Nyeupe naye alitupa, mimba ikiwa kubwa, ndama ana manyoya tayari. Kondo la nyuma likabaki ndani mpaka likaoza. Watu wakasema yale uliyoyasema wewe, kwamba ng'ombe wa Njou ndiye alitangulia kutupa, kwa hiyo mwenye dawa ya kuroga ni Njou.

Sijasahau siku zako za mwisho. Homa inakuacha, tunashukuru Mungu, halafu inarudi. Shuka linalowa jasho mpaka Mama analikamua. Magoti na kiuno vinakuuma mpaka hutaki tukuguse. Ukatuita wanao wawili, mimi na Yohana, ukasema, "Njou amenimaliza. Msimsamehe." Mtu mliyetahiriwa naye siku moja! Yohana aliyashika maneno yale kama wosia. Mzee Njou alipokuja mazikoni, Yohana alimsukuma mbele ya watu. Tangu hapo hatukumsalimia, wala kupitia mlangoni kwake.

Kisha akaja bwana mifugo kutoka mjini. Alichukua damu ya ng'ombe, akaondoka, akarudi na majibu. Akatukuta nyumbani, akauliza ni nani hapa huwa anazalisha wanyama. Mama akamjibu, "Alikuwa mume wangu. Ameshakufa." Akauliza ulikufaje. Mama akamweleza zile homa, jasho, viungo. Yule kijana alivua kofia, akaivaa tena. Halafu akasema:

"Mama, ugonjwa huu wa kutupa mimba unaingia hata kwa watu. Unapitia kwenye majimaji ya uzazi, kwenye kondo la nyuma, hata kwenye maziwa mabichi. Mzee sikumpima, siwezi kuapa. Lakini hayo unayonieleza yanafanana nao kabisa."

Yohana aliinuka akatoka. "Amelishwa maneno na Njou huyo," alisema. Mimi nilibaki nimekaa, Baba, nikiwaza jinsi ulivyomvuta ndama wa yule ng'ombe wa kwanza wa Njou kwa mikono mitupu, ukajifuta kwenye majani, ukaja kula ugali.

Sasa, ya jana.

Mtamba wa Mzee Njou, anayezaa kwa mara ya kwanza, alikuwa anasukuma tangu asubuhi. Kwato mbili za mbele za ndama zimetoka, pua haionekani. Jua lilipokuwa kali, Mzee Njou alikuja mwenyewe mpaka uwanjani kwetu. Hakukaa. Akamwambia Mama, "Shemeji, najua mnavyoniona. Lakini mnyama anakufa, na mkono wa marehemu umebaki kwa Maria."

Yohana akasema, "Mwache afe. Na wewe umfuate."

Mama alinigeukia. Aliniangalia tu.

Niliogopa, Baba. Si Mzee Njou niliyemwogopa. Nilimwogopa yule ng'ombe. Mwanangu bado ananyonya. Hata hivyo nilimpa Mama mtoto, nikachukua sabuni, kamba, na mfuko wa nailoni wa mbolea, kwa sababu bwana mifugo alisema asiye na glavu afunike mkono kwa chochote.

Nilimkuta mtamba amelala ubavu, macho yamemtoka, ulimi umekauka. Nikafunga mfuko mpaka begani, nikapaka sabuni, nikaingiza mkono. Miguu ya ndama ilikuwa sawa. Nikafuata shingo. Ilikuwa imepinda, kichwa kimelala nyuma ubavuni, kama ulivyonionyesha kule nyumbani kwetu kwa zamani. Ulisema, "Mama mtu akisukuma, tulia. Akipumzika, ndipo urudishe ndama ndani." Nikatulia. Alisukuma mpaka nikadhani mfupa wa mkono unavunjika. Alipopumzika nikamrudisha ndama, nikatafuta taya. Nailoni ikateleza. Nikatafuta tena, ikateleza. Watu walikuwa wamejaa, wengine wamekuja kuona uchawi wa Njou ukishindwa, wengine sijui walikuja kuona nini.

Ng'ombe akaanza kukoroma. Nikatoa mkono nikaanza kufungua ule mfuko. Bila mfuko ningelishika lile taya, nilikuwa na hakika.

Mzee Njou alinishika kiwiko.

"Usivue."

"Mzee, atakufa."

"Na afe. Usivue, mwanangu. Baba yako anatosha."

Alikuwa analia, Baba. Hakujificha. Mtu ambaye tumemtukana mbele ya kijiji kizima alikuwa tayari kupoteza mtamba wake ili mkono wangu usiguse kilichokuua. Ndipo nilipojua, bila bwana mifugo kuniambia tena, kwamba uliondoka ukimchukia mtu asiyekukosea.

Nikakaza mfuko, nikarudi. Safari hii nilipitisha kitanzi cha kamba nyuma ya masikio ya ndama, nikaziba meno yake kwa kiganja yasimchane mama yake, kichwa kikaja polepole mpaka nikaiona pua. Nikafunga kamba miguuni. Mzee Njou akavuta, lakini nguvu za peke yake hazikutosha. Nikapaza sauti, "Jamani!" Hakuna aliyesogea. Mara nikaona mikono mingine imeshika kamba nyuma ya ile ya mzee. Ilikuwa ya Yohana. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

Ndama alitoka amekufa. Mama yake yu hai. Asubuhi hii amesimama, amekunywa maji.

Jana, baada ya kuvuta, wale wawili walikaa chini wakihema bila kutazamana. Kisha Yohana akauliza, "Mzee, tuchimbe wapi?" Wakachimba pamoja, shimo refu, wakamzika ndama na kondo la nyuma na ule mfuko, mbali na maji.

Nyeupe wako ataondolewa zizini pamoja na wote waliotupa. Yohana amekubali, ingawa hakula chakula. Maziwa sasa tunayachemsha, hata Mama ambaye hapendi ladha yake.

Baba, ulituachia neno la kushika, nami leo naliweka chini. Sikuasi. Ungeuona uso wa yule mzee jana, ungeliweka chini wewe mwenyewe. Nakuahidi kwamba Jumapili, baada ya ibada, nitasimama mbele ya watu wale wale waliotuona tukimsukuma, na nitawaambia ugonjwa uliokuchukua, na kwamba haukutoka kwa Njou. Yohana amesema atasimama karibu nami.

Kwaheri, Baba. Huna adui huku. Lala.

Binti yako,
Maria