Kukhu, Maziwa Yalipungua

Kukhu,

Ulituacha mimba yangu ikiwa ya miezi saba. Mtoto alizaliwa msichana, tukampa jina lako, Mmbone. Sasa ana miezi mitano. Nusura nimlaze njaa, Kukhu. Mimi, mjukuu uliyemlea kwa mikono yako.

Likizo ya uzazi ilipoisha nilirudi kazini, pale mapokezi ya hoteli hapa Kakamega mjini. Sketi ya sare ikakataa kufunga. Msimamizi wetu alinitazama kiunoni mbele ya wageni, akasema, "Una wiki tatu. Ikishindikana, utaenda nyuma kufua mashuka." Nilicheka. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Nikaanza kujinyima. Asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana tango. Jioni nilimpakulia Baba Mmbone ugali, obusuma kama wako, na mboga ya mrenda, nikamwambia nimeshakula jikoni. Wewe ungenikamata papo hapo. Yeye aliniamini. Kila siku nilijaribu ile sketi, na zipu ikipanda kidogo nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mtoto naye akaanza kulia akiwa titini. Ananyonya, anaachia, analia, anarudi. Nilisema ni meno. Nilijua si meno.

Jumamosi moja mchana nilitoka nimembeba ili nianue nguo. Ua ukazunguka mbele ya macho yangu. Nakumbuka tu kwamba nilimbana kifuani nikaanguka chali. Jirani yetu Rehema, yule wa kutoka Mumias, alikuja mbio akipiga kelele: "Ya Allah! Mama Mmbone, mtoto yuko wapi?"

Alikuwa juu yangu, macho wazi, kimya. Ule ukimya, Kukhu! Sijawahi kuogopa vile, hata siku waliponipigia simu kwamba umeondoka. Kisha akalia.

Rehema alitupeleka kliniki. Mtoto hakuwa ameumia. Lakini muuguzi alipompima na kufungua kijitabu chake, uzito ulikuwa uleule wa mwezi uliopita. "Mama, unakulanga nini?" Nikajibu, "Kila kitu." Rehema akanitazama tu. Nikashindwa. Nikasema yote, na habari ya sketi pia.

Muuguzi hakunigombeza. Alisema mwili unaotengeneza maziwa hudai chakula zaidi. Nikitaka kupungua, nipungue polepole: nitembee, niache soda na mandazi, lakini nisiruke mlo. Akataka turudi baada ya wiki.

Wiki hiyo! Nilihesabu nepi zilizolowa kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Nilikula uji wa wimbi, omena, maharagwe, ndizi. Nilikumbuka shangazi alipojifungua, nawe umekaa mbele yake hapo jikoni, bakuli mkononi: "Kula nikuone. Mtoto hanyonyi hewa." Nilikuwa mdogo, nikakuona mkali. Ah, Kukhu. Ukali huo niliuhitaji mwaka huu.

Tuliporudi, Mmbone alikuwa ameongezeka. Kidogo, lakini ameongezeka. Muuguzi akarekodi, mimi nikakaa kwenye benchi nikamnyonyesha.

Kazini nilimwambia msimamizi, "Fundi ameipanua sketi. Mimi ninanyonyesha." Aliitazama sketi, akaenda zake. Hadi leo hajanihamisha, lakini akipita mapokezi mimi huivuta blauzi ifunike kiuno.

Baba Mmbone nimemweleza kuhusu chakula na kuanguka kwangu. Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Siku ile mtoto alipokuwa kwenye mizani, kabla sijasoma uzito wake, wazo langu la kwanza lilikuwa: na mimi nipande? Mwanangu ametoka kuanguka, nami nawaza kilo zangu. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kuanguka.

Nakuahidi: wazo hilo likirudi, nitamwambia Baba Mmbone siku hiyohiyo. Sitalifuga tena peke yangu.

Pumzika, Kukhu. Ameamka, ananitafuta. Ngoja nimnyonyeshe.

Mjukuu wako,
Ayuma