Kadi ya Sukari ya Mzee Abeli

Zombo, Jumamosi 1 Februari 2025

Mwanangu Yusta,

Marahaba sana. Shikamoo yako imefika ndani ya mfuko wa mkate, inanukia hamira. Mimi mzima, goti tu ndilo linanisengenya. Wewe je, na tanuri lako huko Mikumi?

Mkate usio na sukari nimeula. Vipande viwili. Cha tatu nikampa jogoo, akanitazama kama mwinjilisti aliyeona sahani ya sadaka tupu. Watalii unawaokea keki, baba yako mzazi unampelekea sponji ya kuoshea sufuria!

Kadi ya kliniki anakuletea Mudi na pikipiki yake, pamoja na barua hii. Sukari ya wiki nzima: 5.2, 5.4, 4.9, 5.1, 5.3, 5.0, 5.2. Mwonyeshe daktari aone aibu. Ulisema ikipita kumi mara mbili nahamia kwako, nifugwe kama kifaranga. Basi sihami. Na chai nakunywa na vijiko vitatu! Ni dawa yangu hiyo, ganda la mti, nachemsha kikombe kila asubuhi. Jina la mti silitaji.

Baba yako,
Abeli

*

Mikumi, Jumamosi 8 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Huku hatujambo, mvua zimeanza mapema na unga unavuta unyevu.

Daktari aliisoma kadi yako, ninayokurudishia na barua hii, mara mbili, akauliza kama baba yangu ni kijana. Nikacheka. Kisha nikatoka nje nikalia.

Baba, kuna jambo nilikuficha. Mimi nami nina sukari, mwaka wa pili huu. Kazi yangu ni kuonja: krimu naonja, unga naonja, sharubati naonja. Vidonge vinaanza kushindwa, wiki iliyopita nilipima kumi na nne. Daktari anataka nianze sindano. Naogopa. Mama alianza sindano, na mwezi uleule tukamzika.

Wewe na mimi damu moja. Nitumie hilo ganda, Mudi akirudi kutoka Kilosa jioni.

Binti yako,
Yusta

*

Zombo, 8 Februari 2025, jioni

Mwanangu,

Marahaba. Goti liache, halina maana leo.

Ganda limekwisha. Halafu ni dawa ya wazee wa kiume. Mwanamke akinywa anaota ndevu, na keki yenye ndevu nani atanunua? Meza vidonge vyako. Msikilize daktari, yeye kasoma. Mimi nilifukuzwa darasa la nne kwa kumchora mwalimu na mkia.

Usiniulize zaidi. Mudi anapiga honi.

Baba yako,
Abeli

*

Mikumi, Jumamosi 22 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Nakujua. Ukianza utani wa ndevu, kuna kitu umekibana. Nikajua ganda lipo, unanihurumia tu uchungu wake. Kwa hiyo nilimtuma Mudi kwa Sempele, jirani yako anayekuletea maziwa. Sempele akacheka, akakata ganda wanalochemshia supu ya nyama kwao, akasema Mzee Abeli analijua sana.

Usinigombeze. Leo siku ya tisa nakunywa. Vidonge nimeacha, maana nikitumia vyote viwili sitajua kipi kimefanya kazi. Mashine sijaigusa, nataka nipime siku ya kumi na nne nifurahi mara moja.

Kweli dawa ina nguvu. Nakunywa maji karibu ndoo nzima kwa siku, na chooni sitoki. Jana nikiandika jina la bibi harusi juu ya keki, herufi zilikuwa mbilimbili. Naona inasafisha.

Binti yako,
Yusta

*

Zombo, 22 Februari 2025

Yusta,

Hakuna salamu hapa. Nimemzuia Mudi, asiende Kilosa, arudi kwako sasa hivi, pikipiki hajaizima.

Nenda hospitali leo. Siyo kesho, siyo keki ikishaiva. Leo! Waambie umeacha vidonge siku tisa.

Hakuna dawa, mwanangu. Haijawahi kuwepo. Ile damu ya kwenye kadi ni ya Sempele. Kila asubuhi akileta maziwa namchoma kidole, namlipa kikombe cha chai, tunacheka. Yeye anatembea na ng'ombe tangu jua linachomoza, damu yake haina neno. Yangu niliipima mara moja, Desemba. Mashine ikaandika 23 nikaifunika na kofia. Sikutaka kuhama nyumba yangu, basi. Na lile ganda ni la supu. Sempele hakujua unalitakia nini.

Na mama yako hakuuawa na sindano. Aliikataa miezi minane, na mimi nilimsaidia kuikataa, namtania daktari mpaka anacheka anaondoka. Ilipoingia ilikuwa imechelewa. Hilo nalo nilikuficha.

Nenda.

Baba

*

Zombo, Jumamosi 1 Machi 2025

Mwanangu Yusta,

Salaam. U mzima?

Mudi hajapita tangu siku ile. Jumatatu nilitembea hadi mtoni, maji yamekula barabara, upande wa pili naona watu wanapunga mikono hewani kama mimi. Simu ya mwalimu wa shule, ndiyo pekee hapa kijijini, haina mtandao tangu mnara ulale mwezi wa kwanza. Barua hii nampa mwenye lori la mahindi anayezungukia Dumila. Ameahidi kuiacha kwenye duka lako.

Sijui kama barua ile ilifika. Sijui kama Mudi alivuka. Sempele anakuja bila maziwa, anakaa tu kwenye kizingiti, ananiuliza, "Amejibu?" Namwambia bado. Kesho yake anakuja tena.

Andika "nipo". Hata hilo moja.

Baba yako,
Abeli

*

Mikumi, 15 Machi 2025

Baba,

Nipo.

Mudi alinikuta sakafuni karibu na tanuri, keki ya harusi ya watu imekuwa mkaa. Barua yako aliisoma yeye kwa sauti, mimi sikuona herufi hata moja. Ndiye aliyewaambia hospitali habari ya vidonge. Mashine yao haikutoa namba, iliandika tu kwamba nimepita kipimo. Daktari alisema kama Mudi angenileta jioni, wasingepata mtu wa kumtibu.

Dripu siku sita. Sasa najichoma sindano asubuhi na jioni. Ninaiweka kwenye friji, pembeni ya siagi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita tulipomzika Mama. Miaka ishirini na miwili nimeichukia sindano. Ungeniambia.

Usiniandikie utani, sina pa kuuweka.

Yusta

*

Zombo, 15 Machi 2025, jioni

Mwanangu Yusta,

Shikamoo.

Ndiyo, naanza mimi. Barua yako haikuwa nayo, na haikustahili kuwa nayo. Si utani. Nimeiandika mara nne, mkono unakataa, baba kumwamkia binti yake. Usipoitikia nitaelewa.

Barabara imefunguka. Jumamosi ijayo Mudi atanipakia nyuma, nije na nguo zangu zote. Usipotaka kuniona nyumbani, nitakaa kwenye benchi la kliniki mpaka waniite, na daktari nitamwambia yote kwa mdomo wangu, hata ya mama yako. Kadi nimeikata kwa kalamu, namba zote.

Leo Sempele alipoleta maziwa alininyooshea kidole, mazoea. Nikamrudishia mkono wake. Nimejichoma mwenyewe, mara mbili, ya kwanza niliogopa nikaivuta sindano.

Ishirini na moja nukta nne.

Kumbe inauma.

Baba yako,
Abeli