Nyundo ya Leveli Hamsini

Mwihoko, Ruiru
Jumapili, 14 Septemba 2025

Ndugu yangu Kyalo,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Naomba barua hii ikukute mzima, na ile baridi ya Gilgil uliyoilalamikia iwe imeanza kukuzoea. Sisi huku hatujambo. Mama amevuna mahindi Gatuanyaga, si mengi lakini ameshukuru, na amenitumia debe moja na kunde za kunitosha mwezi. Mimi bado niko chumba kile kile ghorofa ya tatu, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa yakipenda. Kiwandani bado nashona mifuko ya suruali, tena ya upande wa kushoto tu.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nimeisoma mara nne. Nimecheka sana juu ya huyo mwenzako wa kitanda cha juu anayekoroma mpaka afande akadhani ni jenereta. Lakini kabla sijajibu uliyoniandikia, kuna jambo lazima nikueleze kutoka mwanzo, kwa sababu nimelibeba wiki tatu na nimechoka kulibeba.

Unakumbuka siku tuliyokusindikiza Thika, mwezi wa tano. Ulikuwa umekataa kwenda kambi ya vijana ya NYS huko Gilgil mara mbili, na mara ya tatu ukakubali kwa sharti moja. Ulinipa simu yako, ukasema huko zinachukuliwa siku ya kwanza, na mimi niitunze Ngome yako, ule mchezo wa simuni. Ukanionyesha jinsi ukuta unavyobomoka kidogo kidogo kila siku, na jinsi mtu anavyoponda mawe ili apate udongo wa kuuziba. Ukasema siku tatu bila kuuziba, ukuta unaanguka, na nyundo uliyoipandisha kwa miaka mitatu mpaka leveli ya arobaini na moja inarudi kuwa leveli ya kwanza. Nikaapa. Ningeapa chochote siku hiyo, Kyalo, mradi uende.

Nitakuambia ukweli, wiki mbili za kwanza niliuchukia mchezo wako kama dawa ya minyoo. Nikitoka kazini jioni, kabla hata ya kuinjika chai, nakaa kitandani napiga mawe kwa kidole gumba. Jiwe moja mapigo saba. Mawe mia nne kila siku kwa ukuta peke yake, bado ya nyundo. Nilijiuliza ni mtu gani mwenye akili anayefanya kibarua cha machimbo bila hata kupata vumbi la kuonyesha. Mourine, yule anayeshona kwenye mashine ya karibu na yangu, alinikuta napiga mawe wakati wa chakula cha mchana, akaniuliza kama sijatosheka na target ya msimamizi hadi nikajitafutia nyingine kwenye simu.

Halafu siku moja, katikati ya mwezi wa sita, nyundo ikapanda ikawa arobaini na mbili. Tarumbeta ikalia. Wale wenzako wa kikosi, mnaocheza nao simuni, wote wakaandika hongera, hongera, mkubwa umerudi. Nilikuwa peke yangu chumbani, na nakuambia nilisimama. Nilisimama kabisa, simu mkononi, natabasamu kama aliyeitwa jukwaani kanisani.

Hapo ndipo nilipoanza kukuelewa, na inaniuma kwamba ilichukua muda wote huo. Nimeshona mifuko ya kushoto miaka sita. Siku hata moja hakuna mtu amenijia akaniambia, Mukonyo, leo umepanda. Lakini huko kwenye Ngome hakuna jiwe linalopotea. Ukipiga, linahesabiwa. Ukikosa bahati leo, mawe ya jana yako palepale yanakungoja. Nikakumbuka mwaka ule matokeo yako ya kidato cha nne yalipotoka, jinsi nyumba ilivyonyamaza, na jinsi mimi, dada yako mkubwa, nilivyosema mbele ya watu kwamba umekula karo bure. Wewe ulisoma miaka minne ukapata D, na hakuna aliyehesabu hata jiwe moja. Sasa ningekuwa wewe, ningekaa wapi kama si pale panapolia tarumbeta? Kwa maneno yale ya siku ile naomba unisamehe. Sikuwahi kukuomba.

Basi nikaponda kwa moyo. Arobaini na tatu, na nne, na tano. Mwezi wa saba wenzako wa kikosi wakapanga kukutana Jumapili pale Kamakis, tule nyama, na nikaenda. Walimngoja Kyalo, wakamwona mama mmoja amevaa sketi ya kanisa. Wakacheka mpaka mwenye kuchoma nyama akaja kuuliza kuna nini. Yule Tobias wako, anayetengeneza tairi Thika, ndiye aliyenivutia kiti. Ni kijana mwenye heshima. Niliwauliza jambo lililokuwa linanisumbua: kwa nini watengenezaji wasiwape watu nyundo nzuri kutoka mwanzo, mtu acheze afurahi? Tobias akasema mimi sielewi. Alisema ukipewa nyundo ya hamsini bure leo, kesho utaitupa, kwamba utamu wenyewe ni mawe, na mtu asiyeyaponda hana cha kujivunia. Nikamwambia hata mimi nasema hivyo hivyo juu ya ugali wa mahindi niliyolima mwenyewe, ila huo ugali mwishowe naula. Walicheka tena, lakini yeye hakucheka sana. Alikuwa akigeuza mfupa kwenye sahani.

Kutoka arobaini na tano ndipo mambo yalipobadilika. Leveli moja sasa ilitaka mawe elfu tatu, halafu elfu nne, halafu elfu sita. Nilianza kuponda nikipanda ngazi, nikingoja maji, nikichemsha maharagwe, nikaunguza sufuria mbili. Kidole gumba kilivimba hadi nikawa nashikilia kitambaa kwa shida kwenye mashine, na msimamizi akanirudishia mifuko kumi na miwili niifumue. Furaha ya tarumbeta ilikuwa inafupika na kazi inarefuka. Lakini nilijiambia nikifika hamsini nitapumzika. Si wewe mwenyewe ulisema hamsini ndiyo Nyundo ya Moto?

Nilifika hamsini tarehe kumi na saba mwezi wa nane. Nataka ujue hilo, kwa sababu ni kweli na kikosi chote ni mashahidi. Nyundo iliwaka moto kweli kweli, nyekundu na rangi ya machungwa. Tarumbeta tatu. Kisha ikafunguka sehemu mpya ya machimbo yenye mawe meusi. Nikapiga jiwe la kwanza kwa ile nyundo tuliyoihangaikia wewe miaka mitatu na mimi miezi mitatu. Nikahesabu. Mapigo saba.

Nikapiga la pili, saba. Kumbe nyundo inapokuwa kali na mawe yanakuwa magumu vilevile, na pale chini ya kioo imeandikwa leveli ya hamsini na moja, mawe elfu tisa. Niliiweka simu kitandani nikaiangalia tu. Sikukasirika. Nilihisi kama nimetembea kutoka Ruiru hadi Thika kwa miguu, nikainua macho nikajikuta bado Ruiru.

Sasa nifike kwa mama. Hatukukuandikia kwa sababu alikataza, alisema utatoroka kambini uje. Tatizo la macho yake, Kyalo, halikuwa uzee kama alivyokuwa akitudanganya. Lilikuwa ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na la kushoto lilikuwa karibu kuzima. Mwezi wa nane alipewa nafasi katika hospitali moja hapo Thika, afanyiwe jicho la kushoto kwanza. Niliomba ruhusa kazini, nikamchukua Gatuanyaga Jumanne, Jumatano tukapimwa siku nzima, Alhamisi asubuhi akafanyiwa. Katika hekaheka hizo sikugusa Ngome siku mbili. Alhamisi hiyo ilikuwa ya tatu. Simu yako ilikuwa imeandika kwamba ukuta utaanguka saa kumi na mbili jioni.

Saa tisa mchana alirudishwa wodini, jicho limezibwa bandeji, na lile lingine nalo halimwonyeshi zaidi ya mwanga na kivuli. Alikuwa amelala, au nilidhani amelala. Nikavuta kiti karibu na kitanda, nikatoa simu yako, nikaanza kuponda. Nilikuwa na saa tatu, zilitosha. Sauti nilikuwa nimezima, lakini kidole kwenye kioo kina sauti yake, ti-ti-ti, ti-ti-ti. Nilipofika mawe kama sitini hivi, mama akageuza uso upande wangu, akatabasamu, akasema:

“Kyalo, umekuja mwanangu?”

Nikamwambia hapana mama, ni mimi, Mukonyo. Akasema, “Nimesikia kidole chake.”

Nikamuuliza kidole gani. Ndipo akaniambia, polepole, kama mtu anayesimulia jambo la kawaida. Alisema miaka miwili sasa alikuwa hauoni uso wako vizuri, hata ukikaa meza moja naye. Na wewe ulikuwa huongei. Kwa hiyo akijifanya anachambua kunde barazani, anatega sikio mlango wa chumba chako. Akisikia ti-ti-ti, anasema asante Mungu, mtoto yuko nyumbani, yuko hai. Ukinyamaza ndipo anapoogopa. Akasema watu walimwambia akunyang'anye simu, hata mimi nilimwambia, lakini yeye hakuthubutu, kwa sababu angekuwa amejinyang'anya kitu pekee kilichomwambia kwamba uko.

Kisha akaniuliza, “Siku hizi anakaaje? Amefuga ndevu?”

Kyalo, niliinama nikaiangalia simu yako mkononi. Nilikuwa nimetumia jina lako miezi mitatu, nimepongezwa kwa jina lako, na sikujua kama ndugu yangu aliondoka na ndevu au bila ndevu.

Hapa ndipo penye neno ninalotaka kukiri. Ningeweza kukuambia nilisahau. Ningeweza kusema stima ilipotea, au bando liliisha, na ungeamini. Sikusahau. Ilikuwa saa tisa na nusu, na nilijua saa kumi na mbili itatokea nini. Niliigeuza simu yako kifudifudi kwenye kabati la kitanda, nikashika mkono wa mama, tukaongea. Tuliongea juu yako ukiwa mdogo, ulivyokuwa ukimfuata mbuzi mweusi hadi mtoni. Tukaongea juu ya baba, jambo ambalo hatujafanya tangu tumzike. Chai ya saa kumi ikaja, nikamnywesha. Saa kumi na mbili simu ilitetemeka mara moja, kabati likatoa mlio mdogo. Mama akauliza ni nini. Nikasema ni ujumbe tu.

Ngome ilianguka, Kyalo. Nyundo ni leveli ya kwanza. Nimeiangusha kwa kujua, baada ya kukuapia. Na lililo baya zaidi ni kwamba sikuhuzunika. Nilipumua. Kesho yake niliamka nikaona asubuhi ni ndefu, na vidole vyangu ni vyangu.

Tobias alinipigia simu jioni ileile Ngome ilipoanguka, akinipa pole kama aliyefiwa, akasema kikosi chote kiko tayari kusaidia kujenga upya. Nikamwambia tumngoje mwenyewe. Akauliza nimejisikiaje. Nikamwambia. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ananionea wivu.

Basi nimekaa wiki tatu nikiogopa barua yako. Ilipofika nilitafuta jina la Ngome kabla sijasoma hata salamu. Kurasa mbili, halipo. Umeniandikia juu ya kuchomelea vyuma, jinsi geti lako la kwanza lilivyopinda na mwalimu akakufanya ulikate lote uanze tena, na la pili likasimama wima, na wenzako watatu wakapanda juu yake, likawabeba na halikutikisika. Nililia, lakini si kwa uchungu. Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya kunyamaza kwako. Labda uliogopa kuuliza kama nilivyoogopa kusema. Simu yako ipo, nimeichaji, nimeizima. Ukirudi ukitaka kuanza mawe upya, ni yako, sitasema neno, na siku moja moja nitakusaidia kuponda. Na kama umekasirika, nikasirikie mimi. Mama hajui lolote la nyundo.

Jicho lake limepona vizuri. Walipotoa bandeji aliangalia mikono yake mwenyewe muda mrefu, akasema kumbe amezeeka hivi. La kulia litafanywa mwezi wa kumi na moja. Kunde sasa anachambua haraka, na ameona utando wote wa buibui ulioko kwangu, nimesemwa siku nzima.

Umeandika kwamba siku ya gwaride wageni wanaruhusiwa. Tutakuja, nimeshaomba ruhusa. Nilimwambia mama kwamba mtakuwa mamia, wote mmevaa sare moja na kunyolewa sawa, kwa hiyo nitakaa karibu yake nimwonyeshe ni yupi. Amekataa katakata. Amesema nisinyooshe kidole. Atakutafuta mwenyewe.

Kula vizuri, linda macho yako na cheche za moto, na umsalimie huyo jenereta wa kitanda cha juu. Mungu akushike mpaka tutakapokuona.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mukonyo