Mstari wa Baba Mkwe

Mjukuu wangu Kemunto,

Hujambo huko Mombasa? Sisi hapa Nyacheki tu wazima na majani chai yamechipuka vizuri, ila mimi kutulia kitini bado kunanishinda.

Unauliza kwa nini kwenye foleni ya kura namsukuma aliye mbele yangu. Miaka ya sitini, baba mkwe wangu aligombea umakamu mwenyekiti wa chama wilayani. Wanachama walijaa uwanjani, kila mmoja akapanga mstari nyuma ya mgombea wake. Lakini wajua kwetu mke wa mwana hamkaribii baba mkwe. Sisi wake wa wanawe tukabaki kando ya uzio, miguu ikituwasha.

"Aliye nje ya mstari hahesabiwi!" msimamizi akapaza sauti.

"Twende," nikamwambia mke wa shemeji yangu.

"Umwaibishe mzee mbele za watu?"

Hatukwenda. Mzee akashindwa kidogo tu. Kura zetu zingetosha. Jioni akamtuma mama mkwe: "Waambie wamenipa heshima yangu."

Mpaka leo sijui kama alikuwa akishukuru.

Basi siku ya kura nikikukanyaga visigino, nivumilie.

Bibi yako,
Moraa