Papa Katika Sidii ya Gradi

Nakivale, Uganda
15 Juni 2014

Mpendwa dada yangu, Yaya Marthe,

Pokea salamu tele kutoka kwetu sote. Huko Norwei mnaendeleaje, mifupa haijaganda bado? Na mgongo wako, umepoa? Sisi tuko wazima na mahindi yamekubali, ila macho ya Mama yanazidi kufifia, nami hilo linaniuma.

Ndiyo maana Gradi, kitinda mimba wetu, alijitwika kazi. Unakumbuka picha zote za Papa ziliungua nyumbani siku tulipokimbia vita. Gradi mwenyewe alikimbizwa akiwa mgongoni kwa Mama, Papa akabaki nyuma tusimwone tena. Sasa Mama alitamani kuuona uso wa mumewe kabla macho hayajafunga kabisa.

Gradi siku hizi yuko Mbarara kwa Jovan, yule Mnyankole anayerekodi arusi pale Nyamityobora. Mama akawa anamsimulia kwa simu, naye anamchora Papa kwenye kompyuta: masikio, paji, mabega. Anausogeza mguu kidogo, anarekodi picha hiyo moja. Anausogeza tena, anarekodi nyingine. Siku moja nilimtembelea, nikakaa naye asubuhi nzima na Papa alikuwa hajamaliza kuvuka kijito! Nikamwambia amkodie pikipiki. Akanijibu kwa kiburi kuwa haba na haba hujaza kibaba. Picha zilipotimia wakazichoma kwenye sidii, ndivyo wanavyoita kunakili.

Jumapili baada ya ibada tulijaa kwenye kibanda cha video cha jirani yetu Nehemiya. Mama tulimkalisha karibu kabisa na televisheni. Papa akatokea, jembe begani, anatembea kweli, Yaya! Nilipaza sauti, "Papa!", mbele ya watu bila aibu. Akafika nyumbani, akainama kuingia mlangoni. Hapo Mama akauliza, "Hii nyumba ni ya nani? Kwetu hatukulalaka mu shitingi."

Kumbe Gradi alikuwa amechora nyumba ya udongo iliyoezekwa shitingi, lile turubai jeupe la hapa kambini. Nyumba nyingine ya kwetu hajawahi kuijua, na ile yetu ya matofali na mabati hakuna aliyekumbuka kumsimulia. Maskini, alitamani ardhi immeze. Jovan akakuna kichwa: "Mama, hii ilishachomwa, haiwezi futika. Tutafanya ingine mupya."

Mama aliomba irudishwe mwanzo. Akaitazama mpaka mwisho, ameushika mkono wa Gradi, machozi yanamtoka. Akasema, "Muiache vile. Amefika fasi tuko, hapa kambini."

Nimekutumia nakala yako pamoja na barua hii. Msalimie sana shemeji Appolinaire, na Vanessa wenu umbusu mashavu yote mawili. Mungu aliyetuvusha mito awalinde na baridi hiyo.

Gradi anangoja umwambie kama mwendo ule ni wa Papa kweli, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa na unaukumbuka. Ukiona siyo wenyewe, Yaya, nakusihi, usimwambie.

Mdogo wako akupendaye,
Eliane