Nilizivua Pipi Maganda kwa Ajili ya Dunia

Bi Verna mpendwa, mshauri wa ukurasa wa tatu wa gazeti letu, naomba unisaidie, ingawa mimi sijawahi kuomba msaada kwa mtu, trekta langu nalitengeneza mwenyewe na paa langu naliezeka mwenyewe, kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu ujue mambo yamenifika shingoni. Shule niliishia darasa la sita, makosa ya herufi usiyahesabu.

Mimi ni Delbert Stuckey wa nyumba ya njano, mwisho wa Mtaa wa Mkuyu, na mtu yeyote hapa, hata asiyenipenda, atakwambia Halowini, usiku ule watoto wanavaa kama mazimwi na kuomba pipi mlango kwa mlango, bila baraza langu si Halowini, maana nina mifupa ya mtu, ya plastiki, niliyoinunua miaka thelathini na moja iliyopita, huwa naikalisha kwenye kiti cha kubembea na kuivalisha kofia yangu, na maboga nalima mwenyewe na kuyachonga sura za kutisha mwenyewe, mshumaa ndani, kila moja meno kumi na manne, wakati la jirani yangu Pruitt lina meno matatu na bado anatamba.

Basi mwaka jana kamati ya mtaa, mwenyekiti wake ni Kirsten, mke wa mwanangu, ikatangaza Halowini ya kulinda mazingira, plastiki marufuku, na baraza litakaloshinda lingepewa utepe wa kijani. Pruitt akatupa magunia matano ya mapambo mazima kabisa, akaagiza mapya ya mianzi kutoka ng'ambo, yakaja yamefungwa kwa plastiki ya kutosha kufunika ghala. Akapigiwa makofi. Mifupa yangu ikaitwa uchafuzi.

Mjukuu wangu Marnie, ana miaka tisa, akaniambia, "Babu, tafadhali usiniaibishe. Angalau usigawe pipi zenye maganda ya plastiki."

Nikamjibu, "Wewe hujui unaongea na nani."

Nikakaa jikoni siku mbili, Bi Verna, nikazivua pipi mia tatu maganda yake, moja moja, kwa vidole hivi, nikazitia kwenye ndoo safi ya maziwa, na watoto walipokuja na mavazi yao ya mazimwi nikawa nawachotea kwa mkono, na mkono nilinawa. Hazijapita dakika kumi, mama mmoja akamnyang'anya mwanawe mfuko akaumwaga chini.

"Zimefunguliwa hizi. Nani ajuaye ametia nini?"

Mimi, Delbert, nitie nini? Akaja naibu sherifu, askari kijana niliyemfundisha kuvua samaki, akainyanyua ndoo yangu. "Pole, Mzee Stuckey, ndiyo taratibu." Marnie alikuwa kwenye ngazi na wenzake, amevaa mabawa ya popo. Akageuka akaenda zake.

Utepe akapewa Pruitt. Na mwaka huu Marnie amemwambia baba yake atapita nyumba zote za mtaa isipokuwa yangu. Sasa nizime taa ya baraza watoto wote wapite mbali, au kwanza kamati ije iniombe radhi? Maana kosa langu mimi silioni.

*

Mzee Delbert,

Kosa lako mtaa mzima umeliona, umebaki wewe tu.

Umezeekea nchi hii hii. Mwanao alipokuwa mdogo ulimwaga mfuko wake mezani, ukakagua pipi moja moja, na iliyochanika ukaitupa kwa hofu ya sumu. Usinibishie, wazazi wote wa rika letu tulifanya hivyo. Na yale maganda mia tatu yalikwenda wapi? Kwenye pipa la taka. Kisha pipi zenyewe zikayafuata. Hapo dunia umeisaidia nini?

Haki yako nakupa. Pambo lililotumika miaka thelathini na moja ni safi kuliko mianzi yote ya Pruitt, ambayo nasikia imeota ukungu na ameagiza mingine. Kamati nitazungumza nayo mwenyewe. Lakini usianze kucheka, sijamaliza.

Wewe hukuzivua pipi maganda kwa ajili ya dunia, wala kwa ajili ya Marnie. Ulitaka utepe. Mtoto alikuomba jambo dogo, ukaligeuza shindano, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya wenzake akitazama babu yake ananyang'anywa ndoo.

Sasa sikiliza. Taa usizime, na habari ya kuombwa radhi isahau. Nunua pipi za vijiboksi vya karatasi vilivyofungwa kiwandani, ziko rafu ya chini kwa muuza vyakula. Maboga yakilegea, toa mishumaa, wapelekee wenye nguruwe.

Na leo mpigie simu Marnie, si baba yake. Mwambie, "Nilikuaibisha, samahani." Pruitt usimtaje. Ukishasema samahani usiongeze neno, mwache aseme yeye.

Akisema bado hataki kuja kwako, muulize kama wewe unaweza kwenda kwake. Akikubali, tia kofia kichwani, beba mfuko, ubishe hodi mlangoni kwao kama mtoto mwingine yeyote, na upokee atakachokupa. Kikiwa zabibu kavu, zile ambazo hakuna mtoto anayezitaka usiku huo, ule hapo hapo mbele yake, ushukuru.