Mchuzi wa Dada Khamnoi

Bangkok, 3 Novemba 1987

Dada Khamnoi,

Salamu nyingi. U mzima? Miguu bado inakusumbua? Sisi huku hatujambo, ila joto tu.

Najua hatujaandikiana miaka sita, tangu siku ya kuuchoma mwili wa marehemu mama, nilipochelewa nawe ukaniita mgeni mbele ya watawa. Yaishe, dada. Mwezi ujao nawaleta Chiang Mai wanawake wanane wa ofisini kwetu. Watapanda hekalu la mlimani, watanunua bangili za fedha na miavuli ya kijiji cha Bo Sang, watalimaliza Soko Kuu. Lakini kwanza waje mgahawani kwako kula khao soi. Nimewaapia kwamba nchi nzima hakuna tambi na mchuzi wa nazi kama wako. Usiniangushe.

Mdogo wako,
Saengda

Chiang Mai, 10 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Miguu ipo, inanibeba. Kumbe bado unaijua njia ya posta! Barua yako nimeisoma mara tatu huku nakata vitunguu, kwa hiyo usije ukadhani nililia. Walete. Nitapika mwenyewe. Baridi imeanza, chukua sweta, maana siku hizi wewe ni mtu wa Bangkok.

Dada yako,
Khamnoi

Bangkok, 8 Desemba

Khamnoi,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Kama ulikuwa na kinyongo, si ungenitukana kwa barua tu? Chumvi ile hata nguruwe asingeila! Wenzangu waliweka vijiti vya kulia chini, bosi wangu akagugumia bilauri tatu za maji. Wewe hata kuketi nasi hukutaka, ukasimama jikoni unatutazama. Leo ofisini naitwa Bibi Chumvi. Umelipiza, roho yako na itulie. Usiniandikie tena.

Saengda

Chiang Mai, 14 Desemba

Mdogo wangu Saengda,

Nakusalimu hata kama hutaki. Watoto hawajambo?

Nina saratani ya ulimi. Mvua zilipoanza walinichoma kwa miale hospitalini. Ladha ikaondoka, ugonjwa ukabaki. Sijui chumvi wala sukari. Kila asubuhi jirani yangu Nuan huja kunionjea mchuzi. Siku yenu nilimwambia abaki kwake. Nilitaka wewe ule chakula cha mkono wangu, bila msaada wa mtu, nikajidanganya kwamba miaka thelathini jikoni inatosha. Nisamehe kwa aibu ile.

Alhamisi hii wananikata ulimi. Daktari anasema sitazungumza tena. Ukitaka tugombane vizuri, njoo kabla ya hapo. Naogopa sana, Saengda.

Dada yako,
Khamnoi

Bangkok, 18 Desemba

Dada yangu,

Sijui nikuulizeje hali.

Barua yako imefika leo, Ijumaa. Napanda treni ya jioni. Barua hii nitakupa mkononi, maana nikifika najua nitalia tu na sitaweza kusema.

Siku ile tulipokuwa tunaondoka ulinifuata hadi barabarani, ukanishika mkono, ukaniuliza, "Saengda, eti chumvi ilikaa sawa?" Nilidhani unanikejeli. Nikauvuta mkono wangu, nikapanda gari. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yako, dada, na sikukujibu.

Mdogo wako,
Saengda